Mwongozaji wangu anasema hata Kubrick alimtesa mwigizaji wake. Nimjibu nini?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 22, naigiza hapa Mwanza. Tunashuti filamu ya kutisha iliyotokana na riwaya, nami ni mke wa mhusika mkuu. Mwongozaji ananirudisha sini moja mara ishirini, mara thelathini, ananitolea maneno makali mbele ya kila mtu, na wiki iliyopita aliwakataza wenzangu kunipa pole nilipolia. Nilipomlalamikia akaniambia nikaangalie The Shining: eti Stanley Kubrick alimtesa Shelley Duvall mwaka mzima, na ndiyo maana filamu ile inaangaliwa mpaka leo. Ni kweli? Na kama ni kweli, nivumilie? Tumebakiza sini ya kisimani, ya usiku.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Na pole sana. Hiyo pole naitoa mimi, ambaye mwongozaji wako hana uwezo wa kunikataza.

Nianze na habari yenyewe, maana ukienda kubishana naye kwa uchungu tu atakushinda. Aliyokwambia nusu yake ni kweli. Nusu ya pili, ile ya "ndiyo maana", ni maneno ya vijiweni.

Ujue kwanza nani anakujibu. Mimi si mwigizaji. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mtu wa kontinuiti, yule mama anayekaa pembeni ya kamera na daftari, anaandika glasi ilikuwa mkono upi, ushungi ulikaa bega lipi, na mwongozaji alisema "hii itunze" kwenye teki ya ngapi, yaani sini ilipochukuliwa mara ya ngapi. Hakuna anayenisikiliza seti ikiwa imechangamka, lakini mhariri akishakaa kwenye kompyuta yake, daftari langu ndilo la kwanza kuulizwa. Kwa hiyo mtu akiniambia mateso yalizaa uigizaji bora, swali langu ni moja: teki iliyoingia kwenye filamu ilikuwa ipi?

Stephen King, mwandishi wa Marekani, alitoa riwaya yake ya The Shining mwaka 1977. Baba, mama na mtoto wanakwenda kulinda hoteli kubwa ya milimani Colorado wakati wa baridi, barabara zinafungwa na theluji, na baba, mlevi aliyeacha pombe, anaanza kuchanganyikiwa mpaka anawageukia mkewe na mwanawe. Kubrick aliichukua hadithi hiyo, akaandika skripti pamoja na mwandishi wa riwaya Diane Johnson, King akabaki pembeni. Kushuti kulianza Mei 1978 kwenye studio za Elstree, nje kidogo ya London. Hoteli unayoiona kwa mbali ni ya kweli, inaitwa Timberline Lodge na iko Oregon, lakini korido zile, jiko lile, ule ukumbi wenye ngazi, karibu vyote vilijengwa studio. Hata theluji ya kwenye mzingile wa majani kwa sehemu kubwa ni chumvi.

Kazi iliyopangiwa miezi michache ikachukua karibu mwaka. Kubrick alitaka kushuti kwa kufuata mfuatano wa hadithi, na maana yake ni kwamba seti zote lazima zibaki zimesimama muda wote, hakuna kuvunja hii ili kupisha ile. (Meneja wa uzalishaji akisikia hivyo anashika kichwa.) Mapema mwaka 1979 moto ukaunguza seti ya ukumbi mkubwa. Skripti nayo ilikuwa haitulii. Kurasa mpya zilipigwa taipu kila siku, mpaka Jack Nicholson, aliyeigiza baba (ambaye kwenye hadithi naye anaitwa Jack), akaacha kuhangaika na skripti kamili akawa anasubiri kurasa za siku hiyo.

Nakueleza hayo kwa sababu. Seti ikishavurugika ratiba, gharama hutafuta mtu wa kuilipa, na hailipwi na nyota. Hata kwenu huko, angalia mwongozaji wako alianza lini kukufokea. Sitashangaa ukiniambia ni baada ya jenereta kuharibika au mwenye pesa kupiga simu.

Sasa Duvall. Namba utakayoisikia kila mahali ni 127: ati sini ya ngazi, pale Wendy, yule mke aliyeigizwa na Duvall, anaporudi kinyumenyume na rungu la besiboli huku mumewe akimfuata, ilirudiwa teki 127. Imeandikwa mpaka kwenye kitabu cha rekodi za Guinness. Namba hiyo inanikera kikazi. Garrett Brown, aliyekuwa amejifunga kamera ya Steadicam mwilini akiwafuata wale wawili, na Gordon Stainforth aliyekuwa kwenye chumba cha uhariri, wote wamesema si kweli. Zilikuwa kama teki 35 hadi 45. Bado ni nyingi, ila si 127. Mwongozaji wako akikutajia 127, mwambie aliyeshika kamera anasema vingine.

Na si Duvall peke yake aliyerudishwa. Scatman Crothers, mzee aliyeigiza mpishi Hallorann, alikuwa anakaribia miaka sabini. Kwenye mazungumzo yake na mtoto pale jikoni inatajwa idadi ya teki 148. Siisemi kama nimeiona kwenye daftari, lakini wanasimulia kwamba mzee yule alichoshwa. Baada ya hapo alikwenda kuigiza kwenye filamu ya Clint Eastwood, mtu ambaye sifa yake ni teki moja na "haya, twende". Inasimuliwa kwamba Crothers alitokwa machozi ya shukrani.

Hapa nataka utenganishe vitu viwili ambavyo mwongozaji wako anavichanganya, labda kwa makusudi. Kurudia ni kazi. Inachosha, inaudhi, wakati mwingine ni ubadhirifu wa muda na umeme, lakini ni kazi, na mwongozaji ana haki ya kuiomba. Kudhalilishwa hakumo kwenye kazi hiyo. Crothers alirudishwa mara nyingi, lakini hakuna kumbukumbu ya Kubrick akiwaambia watu wasimhurumie mzee. Duvall alifanyiwa yote mawili, na la pili linaonekana kwa macho.

Binti wa Kubrick, Vivian, akiwa bado kijana wa miaka kumi na saba hivi, aliingia kwenye seti na kamera yake akatengeneza filamu fupi kuhusu utengenezaji wa The Shining, ikarushwa BBC mwaka 1980. Itafute, ni kama nusu saa tu. Utamwona Duvall anachelewa kutokea mlangoni kwenye ile theluji ya bandia, anajieleza, na Kubrick anamfokea kwamba anawapotezea watu muda. Utamwona anaonyesha nywele zake zinavyonyonyoka, naye Kubrick anawaambia waliopo wasimwonee huruma, halafu anamgeukia mwenyewe kumwambia kwamba huruma haimsaidii. Basi mwongozaji wako ameiga neno kwa neno. Ameiga kipande kibaya kuliko vyote cha filamu nzuri.

Anjelica Huston, aliyekuwa mpenzi wa Nicholson wakati huo na ambaye alikuwa akifika London, alikuja kusema baadaye kwamba kwa jinsi Jack alivyokuwa akisimulia, ilikuwa kama wanaume wameungana dhidi ya Shelley, na kwamba hakuna aliyeonekana kumjali sana. Huyo ni mtu wa ndani kabisa, tena wa upande wa Nicholson.

Duvall mwenyewe alisemaje? Muulize mwongozaji wako kama amewahi kumsoma. Duvall alimweleza Roger Ebert, yule mhakiki wa Chicago, mwaka uleule 1980, kwamba alilazimika kulia saa kumi na mbili kwa siku, siku tano au sita kwa wiki, kwa miezi tisa ya mwisho mfululizo. Miaka arobaini baadaye, mwanzoni mwa 2021, akalizungumza tena na gazeti la Hollywood Reporter. Kubrick, alisema, haridhiki na chochote kabla ya teki ya 35, na hata kwenye mazoezi anataka utoe kila kitu. Halafu akaeleza alivyolia. Alisikiliza nyimbo za huzuni, akafikiria jambo lililomuumiza maishani, akawawaza ndugu na marafiki waliokuwa mbali. Lakini mwili, alisema, mwisho unagoma. Unakwambia acha kunifanyia hivi, sitaki kulia kila siku. Asubuhi ya Jumatatu anaamka, anakumbuka ratiba inasema leo ni kulia kutwa, na hilo tu linamfanya aanze kulia.

Rudia kuisoma hiyo aya, mwanangu. Machozi yale aliyatoa yeye, kwa ufundi wake: nyimbo, kumbukumbu, nidhamu ya kuamka. Tusi halimo hata mahali pamoja kwenye maelezo yake ya jinsi alivyofanya kazi. Tusi lilikuwa mzigo wa ziada aliobebeshwa akiwa tayari anapanda mlima.

Nisikufiche lisilonifaa. Duvall hakumchukia Kubrick. Kwenye ile filamu ya Vivian anasema kule kugongana vichwa kulimfunza na kwamba matokeo yasingekuwa vile bila hiyo mivutano. Mwaka 2021 alisema Kubrick alikuwa mchangamfu kwake, alipenda kukaa naye na Jack wakapiga soga kwa saa nyingi huku watu wa kamera wakisubiri. Alipoulizwa kama alikuwa mkatili, alikiri kwamba chembe hiyo anayo, akaongeza kwamba labda ni kwa kuwa kuna watu waliwahi kumfanyia yeye hivyo. Ni maneno ya mtu mzima mwenye moyo mkubwa. Lakini aliyeumizwa kumsamehe aliyemuumiza ni mali yake yeye. Mwongozaji wa Mwanza hawezi kwenda kuchukua msamaha wa Duvall akautumia kama kibali.

Kuna jambo la riwaya ambalo wengi hawalitazami, na kwa kuwa yenu nayo imetoka kwenye kitabu, litakusaidia. Wendy wa King ni mwanamke mwenye uwezo wa kujisimamia. Kubrick alimwambia mhakiki wa Kifaransa Michel Ciment kwamba Wendy wa namna hiyo angemfanya mtazamaji ajiulize kwa nini amekaa na mume wa aina ile muda wote huo. Kwa hiyo akamtafuta mwigizaji ambaye ukimwona tu unaamini kwamba angeolewa na mume yule na asingejua pa kutokea. Akamwona Duvall. Huyu hakuwa mgeni: mwaka 1977 alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes, akigawana na mwenzake, kwa filamu ya Robert Altman. Ule unyonge, macho yale makubwa, sauti ile inayopanda kama inaomba radhi, alikuwa navyo siku anasaini mkataba. Ndivyo vilivyomchagulisha! Sasa niambie, kitu ambacho tayari kimo ndani ya mwigizaji unakitafutia nini kwa bakora?

King mwenyewe hakuipenda filamu. Alisema ni kama gari zuri la Cadillac lisilo na injini, na mwaka 2013 akaiambia BBC kwamba Wendy wa Kubrick yupo tu wa kupiga kelele na kuonekana mjinga. Mwaka 1997 alitengeneza tamthilia yake ya televisheni kwa skripti aliyoiandika mwenyewe, ikashutiwa kwenye hoteli ileile ya Colorado iliyompa wazo la kitabu. Nimeiangalia. Inakifuata kitabu, lakini usingizi nao unakufuata. Juu ya Kubrick kama msanii sina ubishi, na juu ya Wendy kuwa mjinga simwungi mkono King. Iangalie tena sini ya ngazi, safari hii zima sauti. Rungu analipunga hewani kama anafukuza nyuki. Halipungi kama mtu anayetaka kupiga. Anapunga kama mtu anayetaka mwenzake asimlazimishe kupiga. Nyuma yake anatupia jicho mara mojamoja kuona ngazi zimebaki ngapi, kwa sababu mtu anayeogopa kweli anaogopa pia kuanguka. Hayo ni maamuzi ya mwigizaji anayejua kazi yake. Mwanamke huyo anayeitwa mjinga ndiye anayemwangusha mumewe, akamburuta, akamfungia stoo ya chakula, na mwisho akatoka na mtoto wake hai.

Sasa niingie kwenye lile ambalo mimi huwaambia wanafunzi wangu na ambalo nataka ulishike. Kwenye seti ileile, kwa mwongozaji yuleyule, kulikuwa na mwigizaji wa tatu aliyetendewa vingine kabisa. Danny Lloyd, mtoto kutoka Illinois, alikuwa na miaka mitano walipoanza. Kubrick alimkabidhi kwa msaidizi wake Leon Vitali, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na mtoto, kumfundisha maneno, kucheza naye. Hawakumwambia ni filamu ya kutisha. Alidhani ni hadithi ya familia inayoishi hotelini. Pale Wendy anapomkimbiza mikononi huku akimpigia kelele mumewe, mikononi mwa Duvall kulikuwa na mwanasesere, ili mtoto asisikie ugomvi ule karibu na sikio. Filamu nzima alikuja kuiona miaka kadhaa baadaye. Alipokua akawa mwalimu wa baiolojia.

Na mtoto huyo anatisha! Kile kidole anachokikunja huku sauti nzito ikimtoka, anapozungumza na rafiki yake asiyeonekana, ndicho kitu ambacho watu wanakiiga mpaka leo. Kilikuwa wazo lake mwenyewe. Alikifanya wakati wa usaili, bila kuambiwa, wakakiacha kama kilivyo. Hata ule mstari maarufu wa Nicholson, "Here's Johnny!", anapotoa uso kwenye mlango uliopasuliwa kwa shoka, haukuwa kwenye kurasa. Aliutoa papo hapo, akiuiga kutoka kipindi cha televisheni cha kwao.

Kwa hiyo mtoto aliyelindwa alitoa maajabu. Nyota aliyeachiwa uhuru alitoa maajabu. Mwanamke aliyebanwa naye alitoa maajabu, ila yeye ndiye peke yake tunayeambiwa asingeweza bila kubanwa. Kama ukali ungekuwa njia ya kazi, Kubrick angeutumia kwa wote. Alijua kumlinda mwigizaji, na alijua vizuri mno. Aliamua nani wa kulindwa.

Kabla sijaacha habari ya Duvall, nisahihishe na lile lingine la mitandaoni kwamba filamu ile "ilimtia wazimu". Alipotoka Elstree alikwenda Malta kuigiza kwenye filamu ya Popeye, akaanzisha na kuzalisha kipindi chake cha hadithi za watoto kwenye televisheni ya Marekani kuanzia mwaka 1982, akaendelea kuigiza mpaka 2002 alipostaafu. Ugonjwa wa akili ulionekana miaka mingi baadaye, na mwaka 2016 kipindi kimoja cha televisheni kilimwanika akiwa katika hali hiyo, jambo lililowaudhi watu wengi, nami nikiwamo. Alifariki Julai 2024 huko Texas kwa matatizo ya kisukari, siku chache baada ya kutimiza miaka 75. Kusema Kubrick alimvunja moja kwa moja ni kumnyima miaka ishirini ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Kitu kilichomuuma, na alikisema, ni kwamba baada ya mateso yote yale wahakiki waliandika juu ya Kubrick tu, kana kwamba yeye hakuwamo. Watu wa tuzo za kejeli za Razzie walimteua kuwa mwigizaji mbaya zaidi. Walikuja kuuondoa uteuzi huo mwaka 2022. Miaka arobaini na moja! Basi "mateso huleta heshima" nayo iondoe kwenye hesabu.

Mwongozaji wako anaweza kuruka kwenye mfano mwingine, maana wako wa kutosha. Atakutajia The Exorcist ya mwaka 1973, nayo ya kutoka kwenye riwaya. Mwongozaji wake, William Friedkin, alikuwa akifyatua bunduki kwenye seti ili watu washtuke, na alimzaba kibao William O'Malley, padri wa kweli aliyekuwa akiigiza padri, sekunde chache kabla ya kamera kuzunguka. Mikono inayotetemeka unayoiona ni ya kweli. Lakini mwulize pia habari ya Ellen Burstyn, aliyeigiza mama. Alikuwa amefungwa waya wa kumvuta nyuma sini ya kutupwa chini na bintiye. Kwa maelezo yake mwenyewe, alishalalamika kwamba anavutwa kwa nguvu mno. Teki iliyofuata akavutwa vilevile, akaangukia mfupa wa mkia. Ukelele uliomo kwenye filamu ni wa mtu aliyeumia, na mgongo ulimsumbua kwa miaka. Sini yenyewe ni ya sekunde chache. Sijawahi kukutana na mtazamaji aliyeniambia hiyo ndiyo sini iliyomnyima usingizi. Wote wananitajia kichwa kinachozunguka, ambacho ni mwanasesere.

Nami nikupe moja ya kwetu, bila kutaja seti wala mtu. Kulikuwa na sini ya mume kumpiga mke kofi. Tulishuti teki mbili kwa kofi la kuigiza, lile la mkono kupita mbele ya uso na mwanamke kugeuza kichwa. Mwongozaji hakuridhika. Akamvuta pembeni yule mwanaume akamwambia apige kweli, msichana asijulishwe. Kofi likalia. Nililisikia kwenye mbavu zangu. Kilichotokea ni kwamba yule binti, kwa kujikinga kama binadamu yeyote, alijikunja akaipa kamera kisogo, na akatoka nje ya fokasi ya kamera. Teki ya nne alianza kukwepa kabla mkono haujanyanyuka. Ya tano vilevile. Filamu ilipotoka niliikagua na daftari mkononi: iliyotumika ilikuwa ya pili. Kofi la uongo. Na kwa siku tatu zilizofuata kila sini ya wawili hao ilikuwa na mwanamke anayemwogopa mwenzake hata pale skripti inaposema wanacheka.

Sitakwambia kila mwongozaji mkali ni mbaya. Nimefanya kazi na mama mmoja ambaye hasemi "ahsante" mpaka siku ya mwisho, na ningemfuata mpaka Kigoma kwa miguu. Anarudisha teki kumi na tano, lakini kila akirudisha anakuja karibu na kunong'ona kitu kimoja: "Safari hii usimwangalie mpaka amalize sentensi." Mwigizaji anarudi na kitu kipya cha kujaribu. Wako anakurudisha na nini? Kama baada ya teki ya kumi hajakupa neno lolote la kufanyia kazi zaidi ya "rudia" na tusi, basi hajui anachokitafuta, na anakuficha hilo kwa kelele.

Ufanyeje? Usigome katikati ya sini. Utaonekana wewe ndiye tatizo, na wale ambao wangekuunga mkono watakuwa wanafikiria basi la kurudi nyumbani. Omba kuonana naye siku isiyo ya kushuti, na mzalishaji awepo. Sema mambo mawili tu, taratibu: kwamba teki utampa kadiri ratiba inavyoruhusu, na kwamba unaomba maelekezo badala ya maneno yale. Yataje maneno yenyewe kama alivyoyasema, bila kuyapunguza makali. Watu wengi wakisikia maneno yao yakirudiwa kwa sauti ya upole mchana kweupe, hawayatambui.

Kuanzia leo na wewe uwe na daftari. Tarehe, sini, teki ngapi, saa ya kuanza na kumaliza, kilichosemwa, nani alikuwepo. Soma mkataba wako unasema nini juu ya saa za kazi na nani analipia matibabu ukiumia. Kama huna mkataba, na nahofia huna, mwombe mzalishaji aandike ukurasa mmoja kabla ya sini iliyobaki. Wakikataa kuandika, nenda kwenye chama cha waigizaji cha mkoa kabla ya kwenda lokesheni. Na wale wenzako waliokatazwa kukupa pole, usiwawekee kinyongo, wana ada za shule za kulipa. Mpigie mmoja usiku, muongee hata habari za mpira.

Halafu sini ya kisimani. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu huu, maana maneno yanauma lakini kisima kinaua. Uliza mapema, kwa jina: nani atashika kamba, kina cha maji ni kiasi gani, nani kati yao anajua kuogelea, gari la kukimbiza mtu hospitali litakuwa limeegeshwa wapi na ufunguo atakuwa nao nani. Uliza blanketi na chai ya moto. Mtakubaliana neno la kusimamisha ambalo halimo kwenye skripti, kwa sababu mhusika wako bila shaka atakuwa anapiga kelele za "nisaidieni", na ukizipiga za kweli hakuna atakayejua.

Mwisho nenda kwa mtu wa mavazi, umuulize gauni lako la sini hiyo wameshona mangapi yanayofanana. Kama ni mawili, basi teki za kuingia kisimani ni mbili, maana gauni likishalowa halikauki usiku ule, na nywele zako hali kadhalika. Mwombe mtu wenu wa kontinuiti amwambie mwongozaji hilo kabla hamjatoka mjini. Likitoka kwake halitakuwa malalamiko yako, ni hesabu ya magauni.